Kuni za Bibi na Maji ya Mtera: kuendesha mradi wa ukarimu shuleni, hatua kwa hatua

Nilipokabidhiwa ulezi wa klabu ya wanafunzi katika shule ya msingi niliyokuwa nafundisha huku Mufindi, mkoani Iringa, niliona kazi ni nyepesi. Kila mtoto alete shilingi elfu moja, tununue sukari, chumvi na sabuni, tuwapelekee wazee. Ijumaa tukatoka kwa mstari, bango mbele, mwalimu mwenzangu akipiga picha. Nyumba ya tatu ilikuwa ya bibi anayelea wajukuu, na mjukuu wake mmoja wa darasa la tano alikuwa kwenye mstari wetu. Alipoona tunakata kona kuelekea kwao, akarudi nyuma ya wenzake, akainamisha kichwa.

Jumatatu hakuja shule. Jumanne pia. Nilipokwenda kumuulizia, bibi akanikaribisha vizuri tu, akaniambia kwamba ile elfu moja ya mchango aliipata kwa kuuza maharage aliyokuwa ameyatenga kwa mbegu. Yaani bibi alitoa elfu moja, tukamrudishia nusu kilo ya sukari, pamoja na picha ambayo hakuiomba.

Utaratibu ninaoueleza hapa ulianzia siku hiyo. Nimeutumia kwa darasa la tano hadi la saba. Wa sekondari wataumudu bila shida, ila wao watabishana zaidi.

Hatua ya 1: Weka pesa pembeni

Usichangishe hata shilingi mia. Mtoto wa darasa la tano hana pesa yake. Akileta elfu moja, mkarimu ni mama yake, na pengine mama hakupenda. Waulize watoto: wewe mwenyewe una nini ambacho ukikitoa kitapungua kwako? Mwanzoni watanyamaza. Ukisubiri kidogo yatatoka: muda wa kucheza mpira, nguvu, macho yanayoweza kusoma barua au kuingiza uzi kwenye sindano, miguu ya kwenda dukani. Andika yote ubaoni. Mwaka mmoja kijana alisema, "Mwalimu, mimi najua kupiga stori." Darasa likacheka. Nikaandika. Baadaye ndiye aliyeuliziwa sana na wazee.

Hatua ya 2: Tafuta nyumba bila kumtaja mtu

Hapa ndipo nilipoharibu mara ya kwanza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukiuliza darasani "nani anahitaji msaada?", watoto watapiga kelele "bibi yake fulani!", na fulani yupo palepale, dawati la pili. Badala yake wape vikaratasi. Kila mmoja aandike au achore nyumba moja anayopita ambako kuna kazi iliyomzidi mwenyewe: paa linalovuja, kuni zilizoisha, mahindi ambayo hayajapukuchuliwa mpaka panya wameyafikia. Asiandike jina la mtu, aandike kazi. Kusanya vikaratasi, kaa navyo wewe peke yako.

Kisha nenda kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Wana orodha yao, nawe una vikaratasi vyako. Orodha hizo mbili hazilingani kamwe, na mara nyingi watoto ndio wanaojua zaidi, kwa sababu wao ndio wanaopita njia za nyuma. Kukiwa na mgonjwa au mtoto anayeonekana kuteseka, hiyo si kazi ya klabu. Mpelekee afisa ustawi wa jamii, na watoto usiwarudishie habari hizo.

Mkuu wa shule apate maelezo kwa maandishi, na wazazi wapate barua inayosema wapi, lini, saa ngapi, na nani atakuwa na watoto. Watu wazima wasipungue wawili. Mtoto asiingie ndani ya nyumba ya mtu peke yake, hata kama ni kwa shangazi yake.

Hatua ya 3: Nenda ukaombe, na uulize mtapewa nini

Wahehe na Wabena wana mgowe. Una shamba limekushinda, unaita majirani, wanalima, nawe unawapa togwa au ulanzi, pombe ya mianzi. Anayesaidiwa ndiye mwenyeji wa siku hiyo. Hakuna anayemwonea huruma. Sukari yetu ilikosa jambo hilo.

Kwa hiyo siku tatu nne kabla, nenda na watoto wawili tu. Wapige hodi, wasalimie "Kamwene" kama walivyofundishwa nyumbani, wakae wanapoelekezwa kukaa. Mtoto ndiye aseme, si wewe: "Bibi, tunaomba kuja Alhamisi kufanya kazi hapa kwako. Utatupa kazi gani? Na sisi utatufundisha nini?" Swali hilo la pili usiliache. Bibi mmoja alicheka mpaka akakohoa, akasema hana cha kumfundisha mtu anayesoma vitabu. Alhamisi ilipofika alikuwa ameshaandaa vipande vya mianzi, akawafundisha kusuka.

Akikataa, shukuru, ondokeni. Amekataa, basi. Usimtume mwenyekiti akambembeleze.

Mwaka wa pili nilikosea kwa namna nyingine: niliwakataza watoto kupokea chochote. Babu akatoa sufuria ya viazi vya kuchemsha, vinafuka moshi kwenye baridi ya Julai, na watoto kumi na wawili wakasimama wima wakisema "hapana, asante", kama tulivyofanya mazoezi. Babu akaishika ile sufuria muda mrefu, halafu akairudisha ndani. Siku hizi wanapokea, wananawa, wanakula.

Hatua ya 4: Siku ya kazi

Mimi hupenda kuanza tarehe 18 Julai, Siku ya Kimataifa ya Mandela, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2009. Desturi yake ni kutoa dakika 67 za kazi, moja kwa kila mwaka wa utumishi wake kwa watu. Watoto wanapenda namba hiyo kwa sababu si saa kamili. Wanaangalia saa kwa makini. Kwetu tarehe hiyo ni katikati ya baridi, kuni zinatafutwa kila nyumba.

Kuni zenyewe usiwapeleke watoto kukata msituni. Ukiwa jirani na Mafinga, viwanda vya mbao vina mabanzi, yale mabaki ya kupasua magogo. Omba kwa barua ya shule. Mabanzi yana nyuzi kali, kwa hiyo wabebe kwa gunia begani, si kwa mikono mitupu. Maji wabebe kwa ndoo za lita 10. Ya lita 20 itamvunja shingo mtoto wa miaka kumi na moja, hata akikuambia nyumbani huwa anabeba. Panga ashike mtu mzima.

Picha: hakuna. Ukilazimika kwa ajili ya taarifa, piga rundo la kuni.

Hatua ya 5: Mtu msiyemwona

Kumsaidia bibi wa njiani ni rahisi kwa sababu utamwona akitabasamu. Baada ya miezi mitatu ya nyumba, nawapeleka watoto kwa mtu ambaye hawatamwona kamwe, na njia ya kumfikia ni mto.

Chora ubaoni Ruaha Mdogo unavyotoka huku juu Mufindi, unapita Ipogolo pale Iringa mjini, unaingia Ruaha Mkuu, unafika bwawa la Mtera kwenye mitambo ya umeme ya megawati 80, kisha Kidatu kwenye megawati 204, halafu Rufiji na Bahari ya Hindi. Waulize nani anakunywa, nani anawasha taa, nani anavua. Waambie pia kwamba Ruaha Mkuu wenyewe, kwenye hifadhi ya taifa, ulianza kukauka kabisa wakati wa kiangazi mwaka 1993, baada ya maji mengi kutumika huko juu, bonde la Usangu. Darasa hutulia hapo. Mto mkubwa hivyo, viboko wamebaki kwenye tope, na aliyechota maji hakumchukia mtu yeyote.

Kisha nendeni kwenye chemchemi ya kijiji na kamba ya mita 10. Ipimeni mara sita kutoka kwenye maji. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu hifadhi ya kingo za maji, ndani ya mita 60. Hapo utakutana na vinyungu vya watu, yaani bustani za mabondeni, na pengine kimoja ni cha mzazi wa mwanafunzi wako. Tahadhari: klabu haifukuzi mtu, wala haing'oi mboga. Hilo ni la kamati ya maji na mtendaji, na linahitaji vikao vingi. Ninyi anzeni pale penye uwazi na palipokubaliwa. Pandeni mivengi au miti mingine ya asili inayopenda maji, mvua zikishakolea, Desemba au Januari. Mikaratusi hapana, hata ukipewa miche bure. Kila mtoto achukue miche miwili, si kumi; kupanda ni siku moja, lakini mbuzi wapo mwaka mzima.

Ukitaka kuunganisha klabu yako na wengine duniani, upo mtandao wa Roots & Shoots, ulioanzia Dar es Salaam mwaka 1991 pale wanafunzi 12 walipokaa na Jane Goodall, mtafiti wa sokwe. Ni jambo la kuwaambia watoto wanaodhani kila kitu cha kimataifa huletwa na ndege.

Hatua ya 6: Barua za ng'ambo

Shule nyingi za Iringa zina marafiki Marekani au Ulaya, wengi kupitia makanisa. Nilipowaambia watoto waandike barua ya kwanza, zilirudi ishirini na tisa, na karibu zote ziliomba: mpira, viatu, kompyuta. Sikuwagombeza, ndivyo walivyoona wakubwa wakifanya. Niliweka kanuni moja tu: barua tatu za mwanzo hakuna kuomba, na kila barua iwe na kitu ndani. Wakatuma vitendawili, na jibu likikawia wanadai kupewa mji. Wenzao wakashindwa, wakatoa mji, wakaomba vingine. Mara ya kwanza wale wa kule ndio walioomba.

Hatua ya 7: Daftari

Usiwape insha ya "Nimejifunza nini kuhusu ukarimu". Watakuandikia unachotaka kusoma, kwa mwandiko mzuri. Daftari moja la klabu linatosha, na kila mtoto aandike sentensi mbili baada ya kazi: nilichopewa, nilichotoa. Kwa mpangilio huo huo, nilichopewa kwanza. Zisomeni Ijumaa bila kutaja mwandishi.

Ya wiki iliyopita, mwandiko umelala kushoto: "Bibi amenifundisha kufunga mzigo wa kuni usiteleze. Mimi nimemwekea simu yake iite kwa sauti, maana alikuwa anadhani wanawe hawapigi." Niliweka tiki, nikafungua ukurasa unaofuata.