Jinsi ya kupanga tripu ya familia peke yenu kwenye milima ya Rwanda ukitokea Nairobi

Wengi wananiuliza tulifanyaje ile tripu ya Rwanda na mamangu, dada yangu na bintiye wa miaka 16, siku saba, gari yetu wenyewe na dereva wetu wenyewe bila kuchanganywa na watu tusiowajua. Wacha niandike yote mara moja, anayetaka afuate.

Kwanza elewa unalipia nini. Tripu ya peke yenu si lazima iwe ya matajiri. Gari na dereva vinalipiwa kwa siku, si kwa kichwa, kwa hivyo mkiwa wawili mnaugawa huo mzigo mara mbili na mkiwa wanne kila mtu anabeba robo. Vitu vya kichwa ni ndege, kitanda, chakula na vibali vya mbuga. Sisi wanne tulitoshea vizuri kwa Prado moja na mabegi nyuma, tungekuwa watano na mizigo ingekuwa kubanana, na kwa zile kona kubanana ni kutapika. Kwa hivyo kabla hujapigia kampuni yoyote simu, kaa na watu wako uhesabu vichwa na kila mtu atoe kitu kidogo cha kuonyesha anaenda kweli, kwa sababu mmoja akijitoa wiki ya mwisho bei inapandia waliobaki.

Halafu ratiba. Ukiangalia ramani unaona Rwanda ni kanchi kadogo, unadhani siku tatu umeimaliza. Wanaiita nchi ya vilima elfu na si sifa tu, barabara haiendi moja kwa moja popote, inapanda kilima, inateremka hadi mtoni, inapanda kingine. Kigali kwenda Musanze ni kama kilomita 100 na unakula masaa mawili na kitu. Kigali hadi msitu wa Nyungwe ni masaa matano au sita. Na dereva wa kule hakimbizi gari, kamera za spidi ziko nyingi na wanaziheshimu. Sasa ukitumiwa ratiba inasema asubuhi Kigali, mchana Huye, jioni Nyungwe, halafu kesho yake alfajiri gorila huko mbuga ya Volcanoes upande wa Musanze, jua aliyeiandika aliandikia ramani. Usiulize kilomita, uliza masaa, na usikubali siku mbili ndefu za gari zifuatane kama mko na mzee au mtoto.

Ya kwetu ilikuwa hivi. Siku ya kwanza Kigali, hakuna kingine. Ya pili tukashuka kusini, tukasimama Nyanza kuona makao ya mfalme na zile ng'ombe za inyambo zenye pembe ndefu, tukalala karibu na Nyungwe. Ya tatu Nyungwe nzima. Ya nne tukapanda na barabara ya kando ya Ziwa Kivu hadi Karongi, ni lami sasa na sijaona barabara nzuri kama hiyo, ziwa liko kushoto muda wote. Ya tano Karongi mpaka Musanze. Ya sita mlima, huko Volcanoes. Ya saba kurudi Kigali na ndege ya jioni. Hiyo mnaizunguka kama duara na hamrudii barabara, mwambie mtu wa kampuni unataka duara ataelewa.

Sasa kampuni, hapa ndipo watu wanalia. Kampuni nyingi za hapa Nairobi zinazouza Rwanda hazina gari huko, zinachukua pesa yako na kuipa kampuni ya Kigali kazi. Si vibaya, lakini uliza wazi, ni nani atanipokea Kigali, gari ni ya nani, jina la dereva nani. Ya hapa iwe na leseni ya Tourism Regulatory Authority, na ya kule iwe inatambuliwa na Rwanda Development Board, wale RDB ambao ndio wanatoa vibali vya gorila. Mimi kampuni ya kwanza niliyoongea nayo hapa tauni niliwapa dipoziti nikaambiwa kibali kiko sawa kabisa mama usijali, wiki tatu kabla ya safari nikasema nitumie nakala, kimya, kumbe hawakuwa wamenunua kitu. Nilirudishiwa nusu baada ya kupiga simu mpaka nikachoka, nikaanza upya na kampuni ingine. Ndio maana nasema hivi, kibali cha gorila kinaandikwa jina lako na tarehe yako, kwa hivyo kikishanunuliwa kuna kitu cha kuonyesha. Lipa dipoziti ya kibali, ngoja uone kibali, ndio ulipe ya hoteli na gari. Na bei yote iwe kwa maandishi, mstari kwa mstari, kilichomo na kisichomo: mafuta, chakula na kitanda cha dereva, viingilio, maji ya kunywa, kuchukuliwa airport. Kama chakula cha mchana hakimo sawa, lakini ujue mapema.

Bei ya gorila, mgeni wa mbali analipa dola 1500 kwa lisaa limoja na hao wanyama, sisi raia wa Afrika Mashariki tuna bei yetu ya chini sana, kwa hivyo hakikisha kampuni imekuhesabia kama Mkenya na sio kama Mzungu. Kuna mtu namjua alilipishwa vibaya akajua akiwa ameshafika. Na mtoto chini ya miaka 15 haruhusiwi kwa gorila, hilo halina kubembeleza, panga kitu kingine cha kufanya naye siku hiyo.

Lakini kama ungenibana useme nichague jambo moja tu la kuhangaikia, ningesema dereva. Mnakaa naye siku saba ndani ya gari moja. Hoteli mbaya ni usiku mmoja. Mimi niliomba mambo mawili, awe anaongea Kiswahili na nimwongeleshe kwa simu kabla sijalipa. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, lakini si kila mtu anakiongea, utakisikia sana Nyamirambo pale Kigali, na kule Rubavu na Rusizi mpakani na Congo, wengine watakujibu kwa Kinyarwanda au Kiingereza. Mamangu Kiingereza si chake. Angepewa dereva wa Kiingereza tungekuwa tunamtafsiria siku saba na baada ya siku mbili angenyamaza, mnajua wazee wetu, hataki kusumbua. Yule tuliyepewa alimwita mama kutoka dakika ya kwanza, na kufika siku ya tatu walikuwa wanalinganisha bei ya ng'ombe ya Nyeri na ya Nyanza ya huko. Kwenye simu nilimuuliza mambo ya kawaida tu, nikamwambia mama yangu anachafukwa na roho kwa kona utafanyaje, akanijibu tutatoka asubuhi, asile mafuta, akae mbele, na nitasimama kila lisaa. Nikajua huyu ndiye.

Na kweli kona zilimshika, ile ya kutoka Nyungwe kushuka Kivu. Dereva hakungoja aambiwe, alimwangalia tu akasimama kando ya shamba la chai, akazima gari, akamfungulia mlango, akampa tangawizi ya kutafuna kutoka kwa kikopo alichokuwa nacho kwa dashibodi. Tulikaa pale dakika ishirini hivi, ukungu unatoka bondeni pole pole kama moshi wa kuni mbichi, wamama wanachuma chai na vikapu mgongoni, mamangu akaanza kuwaangalia mikono akasema hawa wanachuma majani mawili na kichipukizi kama sisi. Hiyo haikuwa kwa ratiba. Mkiwa kwa basi la watu ishirini hakuna anayekusimamishia basi utafune tangawizi.

Makaratasi ni rahisi. Mkenya anaingia Rwanda na kitambulisho tu, lakini mimi hubeba pasipoti kwa sababu hoteli na vibali vinapenda namba moja isiyobadilika, na mtoto asiye na kitambulisho mtafutie pasipoti mapema. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ndege ya moja kwa moja ni kama lisaa limoja na nusu, kuna Kenya Airways na RwandAir, basi la kupitia Kampala ni siku nzima na zaidi na kwa mzee siwezi kushauri. Saa yao iko nyuma ya yetu kwa lisaa moja, badilisha simu ukishuka. Usibebe mifuko ya plastiki, waliipiga marufuku tangu 2008, kabla yetu sisi.

Tarehe pia ziangalie. Mvua kubwa ni Machi hadi Mei, kiangazi kizuri ni Juni hadi katikati ya Septemba, halafu kuna kingine kifupi Desemba kwenda Februari. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni umuganda, nchi nzima inafanya kazi ya jamii asubuhi mpaka kama saa tano na barabara zinanyamaza, usipange kusafiri hiyo asubuhi. Na kuanzia tarehe 7 Aprili ni wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari ya 1994, kama huendi kuomboleza nao chagua wiki ingine. Upande wa Rubavu, Goma iko hapo hapo ng'ambo ya mpaka na waasi wa M23 waliingia Goma Januari 2025, kwa hivyo muulize dereva hali ikoje wiki hiyo na umsikize akisema tulale Karongi badala yake. Sisi hatukulala Rubavu.

Gisozi, pale makumbusho ya mauaji ya kimbari Kigali, wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Msiweke kitu kingine baada yake. Sisi tulitoka mchana, hakuna aliyeongea ndani ya gari, dereva akatupeleka mahali pa maziwa, Kigali kuna vibanda vya kuuza maziwa tu, akatuagizia ikivuguto, ni kama mala lakini nzito, na tukakaa. Hakusema hadithi yake na hatukumuuliza. Tafadhali usimuulize mtu yeyote huko yeye ni kabila gani, na usimuulize dereva wako alikuwa wapi 1994, akitaka atakwambia.

Mlimani sasa. Dada yangu na binti walienda gorila, mimi nikapanda mlima Bisoke, mama akabaki hotelini na moto umewashwa, na hii ndio raha ya gari yenu, kila mtu na siku yake. Watu wote wanaripoti Kinigi, kwenye makao ya mbuga, saa moja asubuhi ya Rwanda, hapo ndipo wa gorila wanagawanywa makundi ya watu wasiozidi wanane, na dereva wako akiwa mzoefu anawaeleza walinzi mapema kwamba mmoja wenu magoti yake si mazuri ili mpewe kundi la karibu. Bisoke ni mita 3,711 na juu kuna ziwa ndani ya kreta. Kama umewahi kupanda Elephant Hill kule Aberdare unalijua lile tope la kwenye mianzi, basi ni tope hilo hilo. Ukitaka kubwa kuna Karisimbi, mita 4,507, siku mbili na kulala kwa hema, na hiyo si ya kubahatisha, ni kama uko njiani kwenda Lenana kule Mlima Kenya. Jizoeze Ngong Hills wikendi tatu nne kabla ya kuondoka, na viatu unavyovaa mlimani viwe ni hivyo hivyo ulivyozoea. Glavu za bustani zile za kawaida, suruali ndefu, soksi uzivute juu ya suruali kwa sababu ya upupu na siafu, jaketi ya mvua hata kama jua linawaka. Chukua mpagazi hata kama begi yako ni nyepesi, kwa tope anakushika mkono, na ni pesa inayobaki kwa watu wa hapo chini ya mlima.

Kwa njia ya Musanze kwenda Kigali mwambie dereva asimame Nyirangarama, kila mtu anasimama hapo, kuna mishikaki ya mbuzi na viazi vya kuchoma, na hapo ndipo kwao na Akabanga, ile pilipili ya mafuta inayouzwa kwa kichupa cha matone kama dawa ya macho. Tone moja. Binti wa dada yangu aliweka matano.

Asante ya dereva mpe siku ya mwisho, mkononi, kwa bahasha, mkichanga nyote, na iwe nje ya ile bei mliyolipa kampuni. Sisi tulimpa jioni airport na mamangu akamwongezea leso aliyokuwa ameinunua Gikomba akiwa hajui atampa nani, akamwambia ya mke wako. Namba yake bado iko kwa simu yangu, na mwaka huu Agosti shangazi zangu wawili wanaenda, nimeshamwandikia kuuliza kama ana nafasi kabla hata hatujaongea na kampuni.