SOMO: Feni na hewa kwenye chumba cha uyoga mamama (wadau wa Tanga)

Wapendwa, wengi mnaniuliza mbona uyoga unatoa miguu mirefu na kofia kama kifungo cha shati, mnamlaumu aliyewauzia mbegu, kumbe chumba hakipumui. Uyoga unavuta hewa kama sisi na kutoa kaboni dayoksaidi, sasa ikijaa humo ndani mguu unarefuka na kofia inagoma kufunguka.

Kwanza kabisa, mifuko mliyopandia mbegu za uyoga ikiwa bado inavaa utando mweupe, zile wiki tatu nne za gizani, feni achana nayo. Kazi yake inaanza ukishachana mifuko.

Pili, pima chumba. Changu hapa Makorora ni mita 3 kwa 4, kwenda juu 2.5, yani mita za ujazo 30, na mi nataka hewa ibadilike mara 6 kwa saa, kwa hiyo feni itoe mita za ujazo 180 kwa saa, soma kwenye boksi kabla hujalipa.

Tatu, feni ya kutolea hewa funga chini karibu na sakafu, tundu la kuingizia weka juu ukuta wa pili, hewa ikate chumba kizima ndo itoke. Tundu liwe na neti tabaka mbili tatu, moja haitoshi, vile viinzi vidogo vinapita.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Feni ISIELEKEE mifuko. Mi nshawahi kuweka feni ya mezani, ilikuwa kaskazi, joto kali, nikaielekeza kwenye mifuko 60 nikiamini naisaidia, kesho yake vile vichwa vidogo kama njiti za kibiriti vimegeuka kahawia vimekauka, ukigusa vinadondoka, mvuno wa kwanza wote ukaenda. Iliniuma sana.

Kujua hewa inapita wapi washa kipande cha udi kwenye chetezo utembee nacho katikati ya mifuko. Moshi ukisimama wima hapo hewa imekufa, ukilala kwa nguvu hapo upepo umezidi, unataka uiname taratibu.

Wakati wa kusi naiacha feni siku nzima. Kaskazi mchana nawasha dakika 10 nazima 10, namwagia maji sakafu na kuta unyevu ubaki asilimia 80 hadi 90, usiku naiacha moja kwa moja.

MASWALI

Dada wa Pongwe: Umeme si utanimaliza?
Jibu: Hapana dada, feni ya wati 25 ikikesha saa 24 ni uniti 0.6 tu ya LUKU. Ukikatika fungua mlango wenye neti asubuhi na jioni.

Kaka wa Muheza: Natumia mabaki ya mkonge, mifuko inanuka, niongeze feni?
Jibu: Feni haitibu hiyo kaka, mkonge uliufunga na maji mengi. Ukikamua mkononi yatoke matone mawili matatu tu. Mfuko wenye ukungu wa kijani utoe nje leo leo, usiufungulie humo ndani.

Mzee wa Chumbageni: Kila nikivuna nakohoa wiki nzima.
Jibu: Shikamoo mzee wangu. Hilo ni vumbi la uyoga wenyewe, ule unga mweupe unaouona juu ya mifuko. Vuna kabla kingo za kofia hazijanyooka kabisa, washa feni nusu saa kabla ya kuingia na uvae barakoa, na kikohozi kikiendelea nenda hospitali, tafadhali usikiache.