SOMO: Kupiga wimbo wa mtu ukasikika wewe

Swali la nyimbo za kopi, yaani unapigaje wimbo wa mtu mwingine bila kumwiga, linarudi kila wiki. Najibu hapa mara moja, tuwe tunaelekezana huku.

1. Jifunze wimbo kama ulivyo mpaka uupige bila kuangalia simu.

2. Uimbe bila chombo. Ki (kimo cha sauti ambacho wimbo umekaa, kama C au F) inayokuja yenyewe ndiyo yako, ya kwenye rekodi achana nayo.

3. Chagua kitu kimoja cha kutogusa, mara nyingi melodi ya kiitikio. "Malaika" aliyoirekodi Fadhili William imepita kwa Miriam Makeba, ikafika kwa Angélique Kidjo kwenye albamu ya Logozo (1991), na mstari wa kwanza tu unautambua.

4. Badilisha mapigo. Hapa ndipo kopi nyingi zinapofia. Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Ukitoa wimbo kwenye mapigo manne ukaupeleka sita kwa nane ya chakacha (ngoma ya Pwani), pigo zito linahamia silabi nyingine. "Nakupenda", ambayo uzito wake uko kwenye "pe", inakuwa "NAkupenDA", na hisia yote inakatika. USIVUTE maneno ili yaenee. Sogeza mwanzo wa mstari: ingia mapema kidogo au chelewa, mpaka "pe" ikae juu ya pigo zito. Soma mashairi kwa sauti huku unapiga makofi kabla hujamwita mpiga ngoma. Na usibadilishe mapigo na kodi za gitaa siku moja, hutajua kilichoharibu ni kipi.

5. Kabla ya kuuza, pata kibali cha mwenye haki. Kwa Tanzania anzia COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

MASWALI

Swali: Mkuu, nikiandika jina la mtunzi chini ya video inatosha?
Jibu: Hatua ya 5. Kumtaja si kibali.

Swali: Je, nikitumia biti ya wimbo wenyewe nikaimba tu juu yake?
Jibu: Hiyo ni karaoke. Soma hatua ya 4.

Swali: Harusini watu wanataka wimbo kama ulivyo. Huoni unawapotosha vijana?
Jibu: Kopi safi harusini ni kazi halali, sijaikataza popote. Somo hili ni la anayetaka kusikika yeye. Mfano ni Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar: aliimba nyimbo za Siti binti Saad, yule aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Wasikilize wote wawili.

Swali: Mimi ni dada, wimbo ni wa mwanaume, ki ya C. Beti zinanizamisha, nikipanda oktavu napiga kelele.
Jibu: Swali zuri sana, dada. Jaribu F kwanza, halafu G. Mpiga gitaa akiona F ngumu, afunge kibano (capo) kwenye freti ya 3 apige maumbo ya D, inatoka F yenye nyuzi wazi. Chagua ki kwa noti ya juu kabisa ya kiitikio, beti zitajipanga.

Swali: Na kurekodi kwa simu?
Jibu: Chumba chenye godoro na mapazia, simu mkono mmoja kutoka mdomoni, pembeni kidogo. Zima feni.