Washa tahadhari, funga mahali: maelekezo ya fundi simu wa Mtwara

Wiki chache baada ya kimbunga Hidaya, Mei 2024, mzee mmoja wa Msangamkuu alivuka na feri ya asubuhi akaja moja kwa moja kwenye meza yangu ya ufundi. Simu yake ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, imezungushiwa mpira mara tatu, kama wavuvi wanavyofanya wakiingia baharini. Nikamwamkia, akaitikia, akaisukuma simu mbele yangu.

"Mwanangu, nitolee huyu mtu humu ndani."

"Mtu gani, babu?"

"Anayeniangalia. Vijana wa pwani wanasema ukiona tahadhari imeingia kwenye simu, ujue serikali imeshakuona ulipo."

Nikaifungua. Tahadhari za dharura alikuwa amezizima zote. Nikaingia kwenye ruhusa za programu, na huko nikakuta programu ya tochi aliyowekewa na mjukuu wake. Tochi ile ilikuwa na ruhusa ya kujua mahali alipo usiku na mchana, kusoma majina yote aliyohifadhi na kutumia maikrofoni. Yaani mzee alikuwa ameziba sikio lake mwenyewe, na mlango wa nyumba ameuacha wazi. Tangu siku hiyo kila anayeketi kwenye benchi langu namweleza haya, na leo nimeona niyaandike.

Anza kwa kuelewa ujumbe unavyokufikia. Ziko njia mbili na watu huzichanganya. Njia ya kwanza ni mnara kutangaza. Mnara hurusha ujumbe mmoja kwa simu zote zilizo katika eneo lake, kwa wakati mmoja. Mfano wake ni adhana: muadhini hupanda, huita, na kila aliye karibu husikia. Hana orodha ya majina, wala hajui nani ameamka na nani amevuta shuka. Simu inapopokea tangazo la namna hii haijibu chochote, na aliyelituma hapati namba yako. Ndiyo maana halihitaji salio wala bando, na halikwami hata mtandao ukijaa watu wanaopigiana. Nchi za Umoja wa Ulaya zilitakiwa ziwe na mfumo wa kuonya watu kupitia simu ifikapo Juni 2022, na nyingi zilichagua njia hii. Marekani inaitumia tangu 2012.

Njia ya pili ni meseji ya kawaida. Hii ni hodi ya nyumba kwa nyumba: inakwenda kwa namba yako, kwa hiyo lazima mtumaji awe nayo. Na akitaka kuwafikia watu wa Kilwa peke yao, kampuni ya simu inabidi iangalie ni laini zipi zimeshikwa na minara ya Kilwa muda huo.

Hapa niseme ukweli wote. Simu yako ikiwa imewashwa, kampuni inajua uko eneo la minara ipi, la sivyo simu isingeita ukipigiwa. Na laini zetu tumezisajili kwa alama za vidole. Mnakumbuka foleni za kuelekea tarehe 20 Januari 2020. Kuzima tahadhari hakupunguzi hata chembe ya hayo. Unachopunguza ni nafasi yako ya kusikia maji yanapokuja.

Sasa shika simu. Ingia kwenye mipangilio, na kwenye kisanduku cha kutafutia andika "dharura", au "emergency" kama simu yako iko kwa Kiingereza. Kwenye Android nyingi utaletewa tahadhari za dharura, na ndani yake aina kadhaa: hatari kubwa sana, hatari kubwa, mtoto aliyepotea, majaribio. Washa zile mbili za hatari. Kwenye iPhone ingia sehemu ya arifa, teremka mpaka chini kabisa. Pale sehemu hiyo huonekana au hufichika kulingana na nchi na mtandao wako, kwa hiyo usipoiona usidhani simu ni mbovu. Kwenye vitochi vingi, yaani simu ndogo za vitufe, tafuta ndani ya menyu ya meseji, palipoandikwa matangazo ya mtandao. Usitafute zaidi ya hapo.

Ukimaliza, geukia mahali. Rudi kwenye mipangilio, tafuta "mahali" au "location", fungua orodha ya programu zenye ruhusa, na zipitie moja moja. Usiwe na haraka hapa. Ramani inahitaji kujua ulipo, lakini wakati unaitumia tu, kwa hiyo ichagulie hivyo. Tochi, kikokotoo, michezo ya watoto na programu za kupamba picha hazina sababu yoyote, zinyime. Programu ya hali ya hewa iandikie jina la mji, Mtwara au Lindi, itakupa utabiri uleule bila kukufuata mpaka chooni. Kisha angalia ruhusa ya majina na ya maikrofoni kwa jicho lilelile. Ya mzee yule ilinichukua dakika kumi, na tochi niliitoa kabisa, maana simu ilikuwa na tochi yake tangu kiwandani.

Kuna watu nisiowaambia wawashe. Dada mmoja aliniletea kitochi alichokuwa anakificha ndani ya ndoo ya unga wa muhogo. Ndimo ilimokuwa namba ya kaka yake na hesabu za kikoba, na mumewe akikiona ni kipigo. Tangazo la dharura hulia kwa king'ora hata simu ikiwa kimya, hiyo ndiyo kazi yake. Uingereza walipofanya jaribio la nchi nzima tarehe 23 Aprili 2023, mashirika yanayosaidia wanawake wanaopigwa yaliwatangazia mapema wenye simu za siri wazime kwanza. Nami nilimfanyia hivyo dada yule: nikazima tahadhari zote, nikamwonyesha pia kuizima simu yenyewe kabisa, kwa sababu simu iliyozimwa haipokei kitu. Tukakubaliana tahadhari ataisikia kwa redio na kwa jirani. Ukiwa na hali kama yake, fanya hivyo bila kuona haya, na fundi asikulazimishe kueleza sababu.

Ujumbe ukishaingia, kazi yako ni kujua kama ni wa kweli. Kanuni yangu ni hii: tahadhari ya kweli inakupa, haikuombi. Inasema kuna nini, wapi, lini, ufanye nini. Haitaki namba yako ya kitambulisho cha taifa, wala namba ya siri, wala ubofye popote ili ujisajili. Mama yangu mdogo, kule Lindi vijijini, alipata meseji msimu wa korosho imeandikwa kwa herufi kubwa: waathirika wa mafuriko wajiandikishe kupata msaada wa dharura. Akabofya. Akajaza jina, namba ya NIDA, mwisho namba ya siri. Fedha ya korosho, shilingi 180,000, iliondoka kabla chai haijapoa. Alinipigia akilia, na nilichoweza kumwambia ni pole. Meseji kama hiyo usiijibu. Ipeleke 15040, namba ya kuripotia utapeli, kisha fuata maelekezo ya kutaja namba iliyokutumia. Halafu piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa wakala wa mtandao huo ikafutwe.

Hata tahadhari inayotoka serikalini ihakikishe kwa chanzo cha pili. Tarehe 13 Januari 2018 watu wa Hawaii walipokea kwenye simu kwamba kombora linakuja na si majaribio. Lilikuwa kosa la mfanyakazi mmoja, na zilipita dakika 38 kabla ya ujumbe wa kusahihisha kufika. Kwetu chanzo cha pili ni Mamlaka ya Hali ya Hewa. Jifunze ngazi zake tatu: angalizo ni rangi ya njano, tahadhari ni ya chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Isikilize kwa redio, au muulize mtendaji wa kata na viongozi wa wavuvi ufukweni. Lakini kuhakikisha kusikufanye ukae. Kama maji yameshafika barazani, panda mwinuko kwanza, maswali utauliza ukiwa juu.

Wanaoniuliza kama faragha ni jambo la maana kweli, nawajibu ndiyo, na naliamini. Mwaka 2020 Korea Kusini iliwatumia watu ujumbe wa dharura wa korona uliotaja umri, jinsia na njia alizopita mgonjwa, duka kwa duka. Jina halikutajwa, lakini majirani waliweza kukisia. Kwa hiyo mtangazaji anayetulinda anaweza pia kutuanika kwa anachokiandika. Katiba yetu imeyaweka mambo haya mawili karibu karibu: ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu, ibara ya 18 inampa haki ya kupewa taarifa za matukio muhimu kwa maisha yake. Huna sababu ya kuuza moja ili upate nyingine. Na tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kampuni au ofisi ikishika taarifa zako, una haki ya kuuliza inazo zipi na inazitumia kwa nini, kutaka zirekebishwe, na usiporidhika kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Andika barua, baki na nakala, weka tarehe.

Wavuvi, kwenu naongeza. Tangazo la mnara linafika pale mnara unapofika. Ukishavuka mawimbi na vijiti vya mtandao vikaisha, hakuna king'ora kitakachokufuata, kwa hiyo sikiliza utabiri kabla hujasukuma chombo. Na upepo ukikata umeme, mnara nao unaweza kunyamaza. Redio ndogo ya betri iwepo nyumbani, betri zake ziwe kavu ndani ya mfuko. Mwezi Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kinatujia kabla ya kuangukia upande wa Msumbiji, mimi nilikuwa na simu tatu mezani na zote zilikuwa zinakaribia kuzima. Siku hizi nikisikia neno kimbunga, cha kwanza ni kuchaji.

Namba 112 ya polisi na 114 ya zimamoto ziandike kwa kalamu nyuma ya mlango, kwa sababu wakati wa hatari simu inaweza kuwa mikononi mwa mtoto.

Mzee wa Msangamkuu nilimrudishia simu yake ikiwa imewashwa tahadhari na imefungwa mahali. Hakuondoka. Alitaka kuusikia mlio wenyewe, asije akaushangaa usiku. Nikautafuta kwenye simu yangu, nikaupiga mara mbili, benchi zima likanyamaza. Akaniomba niupige tena, safari hii simu ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni, tuone kama utasikika. Ulisikika. Akazungusha mpira wake mara tatu, akaenda kuwahi feri.