SOMO: Jinsi ya kuizoesha akili kuona ndani ya tumbo kabla hujashika kisu (wanafunzi wa veti)

Naandika hii mara moja ili swali likija tena nimtume mtu hapa asome. Kila muhula linakuja kwa sura tofauti lakini ni lile lile: anatomia naijua, majina yote nataja, ila mbwa jike akilazwa chali na tumbo likafunguliwa ili atolewe ovari na kizazi, kila kitu kinafanana. Wadau, majina mnayo, ramani ndo hamna. Ramani inajengwa kwa mazoezi, na wale wanaosema mtu anazaliwa nayo au hana kabisa wanawavunja moyo wenzao bure. Mwaka 2013 mtafiti Uttal na wenzake walikusanya tafiti 217 za mazoezi ya kuona na kugeuza maumbo akilini wakakuta uwezo unapanda kweli, haupotei haraka, na unahamia hata kwenye kazi ambayo mtu hakuifanyia mazoezi.

Hatua ya 1. Jipime. Tafuta mtihani wa kuzungusha maumbo ya vijitofali akilini, ule uliotokana na kazi ya watafiti Shepard na Metzler ya 1971, andika alama zako, songa mbele.

Hatua ya 2. Kila siku dakika chache: shika koleo la kubania mishipa, litazame, lifiche, ligeuze kichwani, chora unavyodhani litaonekana, kisha litoe ulinganishe.

Hatua ya 3. Chora kizazi cha mbwa kwa penseli kikiwa kimetazamwa toka ubavuni, toka mgongoni, na toka tumboni mnyama akiwa chali. Mchoro ukiwa mbaya haina shida, ila figo na kibofu lazima viwepo.

Hatua ya 4. Hapa ndo wengi wanaharibu, someni taratibu. Chukua plastisini utengeneze figo mbili, ovari mbili, pembe mbili za kizazi, kibofu, na mirija ya mkojo (itokayo kwenye figo kwenda kwenye kibofu) kwa uzi wa rangi nyingine, alafu upange ndani ya boksi kama mbwa amelala chali. Figo ya kulia ikae mbele zaidi (karibu zaidi na kichwa) kuliko ya kushoto, ndo maana ovari ya kulia inasumbua kuitoa, na usipoiweka hivyo toka mwanzo utajizoesha uongo. Ongeza kamba ya kano inayoshikilia ovari, inaelekea mbele mpaka usawa wa mbavu za mwisho. Duodenamu (mwanzo wa utumbo mwembamba) ipite juu ya ovari ya kulia, koloni inayoshuka (sehemu ya utumbo mpana) ipite juu ya ile ya kushoto. Sasa funika boksi kwa kitambaa chenye mpasuko mdogo katikati, na KABLA hujaingiza kidole sema kwa sauti unakwenda kugusa nini, kiko upande gani wa mnyama, na nyuma yake kuna nini. Ndipo uingize kidole. Ukikosea usitoe kidole kwa aibu, kiache pale pale ujiulize basi hiki ninachogusa ni nini, hapo ndo ramani inapojichora.

Tahadhari za hatua hii: usiseme "kushoto" peke yake hata siku moja, sema kushoto kwa mnyama, maana kushoto kwako kunabadilika ukihama upande wa meza. Usifanyie mazoezi kwenye picha ya mnyama aliyesimama ukitegemea utaigeuza siku ya upasuaji, siku hiyo kichwa kina kazi nyingine. Na usikae kutazama video ya kiungo kinachojizungusha chenyewe ukadhani umefanya zoezi. Kilichozunguka ni video, kichwa chako kimetulia tu.

Hatua ya 5. Boksi la laparoskopi, yaani upasuaji wa kupitia matundu madogo kwa kamera. Simu kwenye stendi ikitazama ndani, picha irushwe kwenye skrini, koleo mbili ndefu kupitia matundu, hamisha vitu vidogo toka kigingi hadi kigingi. Tundu linakuwa mhimili, kwa hiyo ukipeleka mkono kulia ncha inakwenda kushoto. Kamera ikikaa mshazari kila kitu kinavurugika, inyooshe kwanza ndo uanze.

MASWALI

veti_mtarajiwa: Mkuu kuna app inayofanya yote haya? Sina muda wa plastisini.

Tahadhari za hatua ya 4, pale kwenye video. Soma tena.

Nuru_K: Samahani kaka, mimi natumia mkono wa kushoto. Wote wananiambia nisimame kulia kwa mnyama na naona kama najipinda. Nipange boksi vipi?

Swali zuri dada. Anayetumia kulia anasimama kulia kwa mnyama, kichwa cha mnyama kinakuwa kushoto kwake na mkono wenye nguvu unakuwa upande wa mkia. Wewe simama kushoto kwa mnyama, kichwa kitakuwa kulia kwako na mkono wako wa kushoto ndo utakuwa upande wa mkia, ni ile ile tu imegeuzwa. Boksi lipange hivyo toka siku ya kwanza. Ukishazoea zungukia upande wa pili pia, maana kuna siku utakuwa msaidizi na utasimama pale uliposimamishwa.

Dk_wa_Kesho: Mi nilipata alama za chini kwenye huo mtihani wa vijitofali na nashona vizuri tu. Hivi vipimo ni kupotezeana muda.

Hakuna mahali nimeandika kuwa alama ndo upasuaji. Mtafiti Wanzel na wenzake walichapisha kwenye jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2002: wenye alama za juu walifanya vizuri zaidi kwenye kazi ngumu ya kupanga ngozi, lakini baada ya mazoezi na kusahihishwa wale wa chini waliwafikia. Alama inakwambia uanzie wapi, basi. Na kushona ngozi unayoiona siyo sawa na kutafuta shina la ovari (mishipa na nyama inayobaki ovari ikishakatwa) linalovuja huku huoni kitu.

mama_paka: Hapo hapo kwenye shina linalovuja. Likiponyoka upande wa kulia, ramani inanisaidiaje? Si damu imeshajaa?

Ndo inasaidia kuliko wakati wowote. Shika duodenamu, ivute kuelekea kushoto kwa mnyama, utando wake unabeba matumbo yote kama pazia na upande wa kulia unabaki wazi, figo na shina vinaonekana. Upande wa kushoto unavuta koloni kuelekea kulia. Fanya kwenye boksi, shona kitambaa chembamba kwenye hiyo duodenamu ya plastisini uone kinavyobeba. Na ukilipata usibane kwa pupa, mrija wa mkojo unapita karibu hapo.

mama_paka: Asante sana. Na kule chini karibu na kibofu?

Huko pia mrija uko karibu. Kibofu kikijaa kinasogeza mambo mbele na mrija unalegea, rahisi kuufunga pamoja na kizazi. Kikamue kabla ya kuanza. Kwenye boksi weka puto dogo badala ya kibofu cha plastisini, lijaze, lipunguze, tazama uzi unavyohama.

veti_mtarajiwa: Plastisini ikikauka je?

Ifunge kwenye mfuko wa plastiki.

Jembe_la_Praktiko: Nyongeza wadau, sisi mmoja anapanga boksi vibaya makusudi, figo moja kubwa au pembe moja fupi, mwenzake anatafuta kasoro kwa kidole.

Hii naichukua. Naomba mtu aijaribu na kizazi cha paka, na anayezoea ultrasaundi, ambayo inaonyesha mwili kwa vipande, aanze kwa kukata modeli ya plastisini vipande, ila achore kila kipande kabla ya kukata.