Kumpikia anayepata matibabu ya uzazi

Wifi yangu alipoanza sindano za IVF, yaani kutungisha mayai nje ya mwili kisha kupandikiza kiinitete tumboni, alikuja kukaa kwangu Kampala, asihangaike na barabara ya Jinja kila anapoitwa kupimwa. Jiko likawa langu. Nawaandikia ninyi mtakaompikia dada, mke au mkwe.

Hakuna chakula kinachoshikisha mimba. Mtaletewa unga wa kopo wa bei ya kutisha, mtaambiwa moyo wa nanasi hukishikiza kiinitete kikishapandikizwa. Hilo halijathibitishwa. Pesa hiyo nendeni nayo sokoni Kalerwe, mumjengee mwili uweze kubeba dawa, na Mungu akijalia, mimba.

Kidonge cha kutokosa ni foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku, angalau mwezi mmoja kabla ya mimba. Mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya wiki nne za mwanzo, wengi wakiwa bado hawajajua wana mimba. Daktari akiandika dozi kubwa zaidi, mfuateni yeye.

Sahani yake niliigawa hivi: nusu mboga za majani, yaani dodo (mchicha), nakati au sukuma, robo maharage, mayai au samaki, robo iliyobaki matooke au viazi vitamu. Sikumnyima matooke, nani angethubutu? Ila ana PCOS, tatizo la homoni linalovuruga ovari, ambalo mara nyingi huja na shida ya sukari mwilini, na mlima wa matooke wenye kijiko cha mchuzi juu haumfai.

Mukene, yaani dagaa, ndiyo niliyoitegemea zaidi, maana huliwa na mifupa yake na ina kalsiamu nyingi. Chagua iliyoanikwa juu ya nyavu au meza, si mchangani. Naikaanga kavu kidogo, naiosha kwa maji ya moto, kisha naiunga kwa nyanya, kitunguu na karanga nilizotwanga mwenyewe. Karanga za unga sokoni sinunui, kwa sababu huoni kilichosagwa. Nanunua nzima, nazimwaga kwenye sinia mchana kweupe, naondoa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu. Sumukuvu haiondoki kwa kupikwa.

Chai isinywewe pamoja na chakula, huzuia madini ya chuma. Kamulia ndimu kwenye dodo badala yake. Kahawa isizidi kikombe kimoja au viwili vidogo kwa siku. Maziwa ya mtaani chemsha hadi yafoke: ugonjwa wa brusela upo nchini na huharibu mimba. Maini, mara moja moja tu, kwa vile yana vitamini A nyingi mno.

Sindano zikiendelea tumbo hujaa, hamu hupungua. Mpe kidogo kidogo mara nyingi, na maji ya kutosha. Lakini tumbo likivimba upesi, akitapika, pumzi ikibana au mkojo ukipungua, acha sufuria, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Siku ya kutoa mayai atalazwa usingizi kwa dawa, kwa hiyo asile tangu saa aliyopangiwa, hata chai ya maziwa. Akirudi, supu nyepesi ya ngege (sato) inatosha.

Baada ya kutolewa mayai huja homoni ya projesteroni, nayo huleta choo kigumu. Hapo papai lililoiva, parachichi na maharage yana kazi. Wazee wataliogopa papai. Bichi lenye utomvu ndilo la kuacha.

Mama yangu, ambaye ndiye mama mkwe wake, alileta emumbwa, vidonge vya udongo uliokandwa na mitishamba, kwa mapenzi yote. Nikamwambia, "Mama, tuziweke kwanza, tumuulize daktari." Udongo ule unaweza kuwa na madini ya risasi yenye sumu, unazuia madini ya chuma, na mitishamba iliyokandwa ndani inaweza kugongana na dawa. Mama alielewa, siku zile akawa ananichambulia nakati.

Mwanamume naye asiachwe. Mbegu zake huchukua takriban miezi miwili na nusu kutengenezwa, hivyo anachokula na kunywa kabla ya sindano za mkewe kuanza kina uzito. Kaka nilimpakulia chungu kilekile: mboga nyingi, samaki, maharage. Sigara aache kabisa, na pombe ya waragi aiweke kando angalau miezi mitatu kabla.