Kufunga Kamera Kwenye Basi la Shule Jijini Mwanza

Mwenye basi linaloshusha wanafunzi kando ya Barabara ya Nyerere, kati ya Buzuruga na Igoma, afunge kamera mbili ubavu wa kulia ili kuwanasa madereva wanaolipita likishusha watoto, kwa kuwa kwetu magari huendeshwa kushoto na anayelipita basi lililosimama hupitia upande huo. Moja ielekezwe nyuma, imwone dereva akija; nyingine mbele, isome namba ya gari likishapita, maana picha isiyo na namba haimfikishi mtu popote. Kioo cha kila kamera kifutwe vumbi kila asubuhi, na saa yake ihakikiwe kila wiki. Trafiki akabidhiwe video nzima isiyokatwa, wala isisambazwe kwenye makundi ya wazazi, kwa sababu sura za watoto zimo.